Pale Aliposimama Asajile

Zagreb, Kroatia
4 Machi 2024

Kwako mume wangu mzee, babu Asajile,

Shikamoo. Mkeo mdogo bado yuko hai, ingawa baridi ya huku haina adabu hata kidogo. Ile ya Kawetele ya mwezi wa Saba ni utani tu. Juzi nilivaa lile sweta alilonifumia bibi Ndimyake, nikalivaa juu ya koti kwa sababu chini ya koti halikuenea, mwalimu wangu akaniuliza kama ni vazi la taifa letu. Nikamwambia ndiyo. Baba anaendeleaje na goti lake? Mama aliniambia upepo umelaza migomba mingi. Poleni sana. Msalimie binamu yangu Lusungu, umwambie asichoke kutupelekea barua posta Tukuyu.

Najua utauliza kwa nini nisipige simu. Babu, masikio yako unayajua mwenyewe. Simu ni ya mama, inawekwa sauti ya juu, bibi anaipokea na kukuletea kule nyumba ya juu huku akirudia kila neno kama yuko mnadani, na majirani wote wanajua habari zetu kabla yako. Jambo hili nataka tuliongee wawili tu.

Jambo lenyewe ni Mwavinko. Ndiyo, Mwavinko wako, yule Mkroatia mpima ardhi uliyefanya naye kazi kabla sijajua kutembea. Huku jina lake ni Profesa Vinko Maroš, na mwaka huu chuo kinatoa kitabu cha maisha yake. Binti yake, Jasna, mama wa makamo mwenye sauti kama ya kwaya, aliposikia natoka Rungwe alinikumbatia mbele ya darasa zima. Akanifungulia kabati la madaftari ya baba yake ya miaka ya Tanzania. Babu, nililia. Kuanzia daftari la tisa mwandiko si wake. Zile 7 zenye mkia nazijua, ndizo ulizonifundishia hesabu. Na chini ya kila ukurasa, penye nafasi ya mwandishi wa vipimo, kuna herufi A.M. Nusu ya kazi wanayomsifia hapa uliiandika na kuipiga hesabu wewe, Asajile Mwaikenda!

Sasa sikia. Kwenye kitabu kuna picha yako. Umevaa gambuti, umesimama na ile fito nyekundu na nyeupe, yeye ameinamia darubini. Chini wameandika: "Profesa Maroš na mbeba fito, Afrika Mashariki." Basi. Nataka jina lako liwekwe, na liandikwe kwamba ulikuwa mpima ardhi. Jasna amekubali, ila mwenye jina lazima akubali kwa mkono wake. Kitabu kinaingia mtamboni mwisho wa Septemba.

Na swali moja dogo. Daftari la kumi na saba, ukurasa wa arobaini na moja, mzunguko wa Kawetele haufungi. Ulipaswa kurudi mlipoanzia, lakini umekosa mita sita na sentimita arobaini. Wewe hukuwahi kukosea hata kiganja. Ilikuwaje?

Mjukuu wako akupendaye,
Atupele


Kawetele, Tukuyu
28 Aprili 2024

Mke wangu mdogo Atupele,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imelowa pembeni, maana Lusungu aliibeba mfukoni, na mvua ya huku unaijua. Sisi wazima. Goti la baba yako ni uvivu tu, usihangaike. Mama yako yu mzima, bibi yako ndiye anayeniletea habari zake. Chai inachanua majani mpaka wachumaji wamechoka, na maparachichi sasa kila mtu amekuwa bingwa wake, hata mwinjilisti. Bibi yako anauliza kama huko unapata ndizi. Nimemwambia hata ukipata, hawajui kupika mbalaga.

Umenikumbusha mtu, mwanangu. Nitakueleza nikiwa na fahari, na sitaona haya kujisifu, nimeshazeeka.

Mwavinko alifika mwaka tisini na mbili. Padri rafiki yake wa Igogwe ndiye aliyemwita, maana kwao kulikuwa na vita. Alikuja na sanduku moja la nguo na masanduku matatu ya vyombo vya kupimia. Tulikwenda wanaume kumi na mmoja kuomba kazi ya kubeba fito. Hakutuuliza vyeti. Alituambia kila mmoja ashuke mlima ule wa hospitali mpaka kwenye mkuyu kisha apande, ahesabu hatua. Wenzangu wote walirudi wakasema hatua za kwenda na za kurudi ni sawa, wakidhani ndilo jibu analolitaka. Mimi nikamwambia kushuka ni mia tatu na kumi na mbili, kupanda ni mia tatu na arobaini na tano, kwa sababu mtu akipanda hatua hufupika. Akanitazama, akacheka, akasema, "Wewe." Kazi nikapata hivyo.

Miaka miwili nilibeba fito. Mwaka wa tatu akanikabidhi daftari. Akanifundisha kwamba msomaji akitaja namba, mwandishi lazima airudie kwa sauti ndipo aiandike, ili kosa lisipate pa kujificha. Akanifundisha pia kwamba mpima ardhi hafuti. Ukikosea unakata mstari mmoja tu juu ya neno, anayekuja baadaye aone ulichokiwaza kwanza. Alinifundisha hesabu za pembe na mstari mezani kwake, mimi wa darasa la nane! Siku niliyofunga mzunguko wangu wa kwanza kwa tofauti ya sentimita tatu, alinipa mkono mbele ya watu wa kijiji akaniita "kolega". Hilo neno sikujua maana yake, lakini nilitembea nalo mpaka nyumbani.

Kwa hiyo ni kweli, zile saba ni zangu. Ila jina langu usiliweke. Waache hivyohivyo, mbeba fito. Fito niliibeba kweli, hawajasema uongo.

Ukurasa wa arobaini na moja sikumbuki, ni zamani.

Soma kwa bidii. Usitembee na watu wanaokunywa.

Ni mimi babu yako,
Asajile


Zagreb
9 Juni 2024

Kwako babu,

Shikamoo. Nashukuru kwa barua, nimeisoma mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Huku majira yamegeuka, watu wanakaa nje hadi saa tatu usiku na mwanga bado upo. Mtihani wa hesabu nimepita, wa tatu darasani, na waliopita mbele yangu ni wenyeji. Mwambie bibi ndizi zipo, ila zinauzwa mojamoja kama dawa. Mbalaga nilipika, jirani akaonja, akauliza kama ni viazi.

Sasa nina hasira na wewe, na nitazisema, kwa sababu mke hasemwi kuwa hana adabu akimgombeza mumewe.

Umenifundisha kwamba mpima ardhi hafuti. Wewe mwenyewe hukufuta. Kwenye barua yako umeandika "Ukurasa huo naukumbuka kila nikipita pale", ukakata kwa mstari mmoja, ndipo ukaandika "sikumbuki, ni zamani". Nimesoma chini ya mstari, babu. Kwa hiyo unakumbuka. Kuna kitu hutaki kuniambia.

Ngoja nikueleze kitu ambacho labda Mwavinko hakukwambia. Jasna amenieleza wiki iliyopita. Mwaka tisini na moja, vita ilipofika kwenye mji wao ulio kando ya mto Danubi, Mwavinko ndiye aliyekuwa mtunzaji wa vitabu vya viwanja, vitabu vikubwa vinavyosema shamba hili ni la nani na nyumba ile ni ya nani. Watu walikuwa wanakimbia na magodoro na majiko. Yeye aliacha nyumba na vitabu vyake vyote vya usomi, akapakia vile vitabu vya viwanja thelathini na nne kwenye lori la unga, akapita navyo katikati ya mashamba ya mahindi huku mizinga inapigwa. Akavificha chini ya kanisa la kijiji kimoja. Basi wakaanza kumtafuta. Maadui walivitaka, na hata baadhi ya watu wa upande wake walivitaka, maana mwenye vitabu ndiye angesema ardhi ni ya nani, na wengine walitaka majina ya majirani zao yapotee. Alikataa kuwapa wote. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Alipoona hatavumiliwa nchini mwake, ndipo akaja Igogwe.

Miaka karibu sita alikaa kwenu amebeba siri hiyo. Amani iliporudi alikwenda, akavifukua. Nyumba zilikuwa zimesagwa, hata barabara hazijulikani, lakini watu walioneshwa viwanja vyao mpaka kwenye kona. Wapo wanaolala leo pale walipolala baba zao kwa sababu yake.

Mtu kama huyo ndiye aliyekuita kolega, yaani mwenzake wa kazi. Halafu wewe unataka ubaki mbeba fito! Kila siku napita kwenye ukumbi ambapo ile picha ya kitabuni imetundikwa pia, wanafunzi wenzangu wanasimama, wanasoma, wanapita, na mimi nasimama pale nikijua jina lako na siwezi kulisema. Inaniuma babu. Mimi nimekuja kusoma kazi hii ya upimaji kwa sababu yako, si kwa sababu yake.

Niambie ya ukurasa ule.

Mjukuu wako,
Atupele


Kawetele, Tukuyu
18 Agosti 2024

Mjukuu wangu Atupele,

Marahaba. Hatujambo. Ukungu umetukalia wiki mbili, hatuoni hata kanisa. Ng'ombe wa baba yako amezaa, ndama jike. Bibi yako alikuwa na mafua, amepona, sasa anagomba kama kawaida, ndipo nikajua amepona.

Nimechelewa kukujibu. Si posta. Barua yako ilifika tarehe kumi na tano mwezi wa Saba, nikaiweka kwenye Biblia na sikuifungua Biblia hiyo wiki tatu, nikawa naazima ya bibi yako. Habari ya vitabu vya viwanja hakunieleza kamwe. Nimeona fahari juu yake, na pia nimeumia zaidi, na sasa utajua kwa nini.

Wewe ni msomi, lakini ni Mnyakyusa pia, kwa hiyo hili utalielewa. Mkwe na mkamwana kwetu hawaonani. Baba yako alipooa mwaka tisini na tano, nilijua tangu siku ile sitaingia uani kwa mama yako, sitapita njia yake, sitamtazama usoni, sitamsemesha wala kutaja jina lake. Akija yeye, mimi nachepuka. Siyo chuki, ni heshima, na ndivyo baba yangu alivyoishi na bibi yako. Siku hizi vijana wamekwishaacha, wanakaa sebuleni na wakwe zao wakitazama televisheni. Siwalaumu. Mimi nimeshika nilichokikuta.

Mei mwaka tisini na saba tulikuwa tunapima mpaka wa mashamba ya kijiji na yale ya chai. Mwavinko alikuwa ameweka kigingi kimoja kwenye kona ya ua wa mama yako, siku ambayo watu wote walikuwa shambani. Kesho yake ikawa zamu ya kupima mguu ule, yaani mstari wa kutoka kigingi hadi kigingi. Yeye yuko chini bondeni kwenye darubini, mimi nina fito na mwisho wa tepu. Nikafika kwenye migomba, nikasikia maji. Mama yako alikuwa uani, hatua chache kutoka kwenye kigingi, anaogesha mtoto. Aliyekuwa kwenye karai ni wewe.

Sikuweza kuingia. Kumwita atoke, siwezi, nitamsemesha. Kurudi bondeni na kumweleza mgeni habari za mkamwana wangu, siwezi pia. Nikasimamisha fito palepale kwenye migomba, kwa mbali haionekani tofauti, nikapiga kelele kwamba niko kwenye kigingi. Nilidanganya. Na kwenye daftari nikaandika kwa mkono wangu.

Mzunguko ulipokataa kufunga, tulirudia. Mara tatu, siku tatu. Kila siku saa ile mama yako yuko uani na karai lake, na kila siku nikasimama palepale. Siku ya tatu Mwavinko alikaa kwenye jiwe, akavua miwani, akasema, "Asajile, macho yangu yamebaki vitani." Nikamtazama mzee yule aliyefiwa na nchi. Neno moja tu lingemponya, na sikulisema.

Baadaye akachora kona upya, jiwe likawekwa kwenye migomba. Nikajua amekata tamaa. Haikupita mwaka akaaga. Aliniambia kwao kumetulia, lakini niliona ananificha. Mtu anayeyaamini macho yake haachi kazi katikati. Alikwenda akiamini amekwisha, na mimi ndiye niliyemmaliza.

Sasa unajua. Mtu aliyefanya hivyo hawezi kuandikwa jina kando yake. Mama yako asisomewe barua hii.

Babu yako,
Asajile


Zagreb
22 Septemba 2024

Babu yangu,

Shikamoo. Leo salamu zitakuwa fupi, unisamehe. Mimi mzima, hongereni kwa ndama, bibi mpe pole na mafua. Kaa kwanza kwenye kiti chako ndipo uendelee kusoma.

Barua yako ilifika Jumanne. Nilikwenda nayo kwa Jasna siku hiyohiyo, nikamtafsiria, pamoja na lile neno la baba yake la macho. Kisha akaenda chumba cha ndani, akarudi na daftari la kumi na nane. Halikuwa chuoni. Baba yake aliliweka kando ya kitanda mpaka alipofariki mwaka elfu mbili na kumi na moja. Ukurasa wa kwanza umeandikwa Kiswahili, kile Kiswahili chake unachokijua. Nakunakilia kama kilivyo:

"Macho yangu mazima. Jicho baya leo kosa hivi, kesho kosa vile. Hili kosa moja, siku tatu, sita nukta nne sifuri. Mtu amesimama pale na sababu. Nimeuliza mama Ndimyake. Kwanza amecheka. Pili ameniambia. Mimi ndiye mbaya: nimeweka kigingi kwa mkamwana wa Asajile bila kuuliza. Asajile amesimama mahali sahihi. Jiwe liende kwake. Nisimwambie nimejua, maana nitamtaja mwanamke yule mbele yake, na yeye ataona haya."

Alijua, babu! Bibi alimwambia wiki ileile. Alinyamaza kwa heshima kama ulivyonyamaza wewe, mkaishi hivyo mpaka akaondoka, kila mmoja anamlinda mwenzake. Na kuondoka hakukuficha kitu. Januari mwaka tisini na nane mji wao ulirudi mikononi mwa wenyewe, akafunga mizigo wiki hiyohiyo akafukue vile vitabu. Jasna anasema hakuvaa miwani mipya hadi alipofika miaka themanini.

Subiri, haijaisha. Aliporudi alifundisha hapa miaka kumi na miwili. Kila mwaka, somo la kwanza, kabla ya hesabu yoyote, alichora ubaoni kona ya ua wetu: migomba, kigingi, jiwe. Akawauliza wanafunzi kosa liko wapi. Wote walisema ni la mbeba fito. Akawaambia hapana, ni la mpimaji aliyepiga mstari bila kuuliza anapita kwa nani. Nimekutana na wapima ardhi wenye mvi, wakubwa wa ofisi, wanaoijua kona ya jiko la mama yangu kuliko Lusungu. Niliwaambia mtoto wa kwenye karai ni mimi. Mmoja alinipa mkono kama nimefanya jambo la maana.

Sasa na mimi nina la kukiri. Siku niliyokuandikia barua ya kwanza, nilikuwa nimekwisha kupeleka jina lako kwa wachapaji, nikasema umekubali. Barua zako mbili za kukataa nimezisoma huku jina liko tayari kwenye karatasi. Nilisema uongo kwa kuwa nilikuonea fahari. Nadhani hilo nimerithi.

Jana nimekwenda mwenyewe nikaliondoa. Chini ya picha sasa kuna nafasi tupu, na "mbeba fito" pia nimekata. Jasna amewaambia wachapaji wangoje mpaka mwisho wa Novemba. Walilalamika, akawaambia baba yake alingoja miaka karibu sita kurudi kwao. Nafasi ni yako. Ukitaka ibaki tupu, itabaki tupu, na sitakusumbua tena.

Mjukuu wako,
Atupele


Kawetele, Tukuyu
27 Oktoba 2024

Mke wangu mdogo, mwongo mwenzangu, Atupele,

Marahaba, na ndaga fijo, asante sana. Sisi wazima wote. Barua hii Lusungu anaipeleka mwenyewe hadi Mbeya, mimi siiamini tena mvua. Mkono wangu unatetemeka kidogo, utavumilia.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza peke yangu. Nililia, sitaficha. Mara ya pili nilimwita bibi yako nikamsomea pale anapotajwa. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza miaka ishirini na saba, ananiona nikizunguka jiwe lile kama kaburi. Anasema sikumuuliza. Nikamwambia angalau angesema kidogo. Anasema wanaume wawili walikuwa wameamua kunyamaza kwa heshima, yeye ni nani awaharibie. Kisha akaenda kuchota maji. Huyo ndiye niliyemuoa.

Ila akiwa njiani alipita nyumba ya chini, akamweleza mama yako kila kitu. Sikumtuma. Jioni akarudi na maneno: "Mwambie baba siku zile tatu nilimwona. Niliona gambuti zake chini ya majani. Nikaona aibu, nina mtoto mkononi na nguo imelowa, nikashindwa hata kuondoka. Walipoupinda mpaka nikajua ni mimi nimeharibu kazi ya wazungu, na mpaka leo nikilima pale siinui kichwa." Kumbe tulikuwa watatu, mjukuu wangu, na kila mmoja alidhani kosa ni lake.

Nilikaa nalo siku nne. Siku ya tano nikamtuma bibi yako akamuulize mama yako kama atakubali kunisaidia kupima mguu mmoja. Akasema atakubali.

Tulipima jana, Jumamosi, asubuhi ukungu ulipopanda. Tepu ni ileile ya chuma aliyoniachia Mwavinko, nimeipaka mafuta kila mwaka. Mimi niliingia uani. Tangu baba yako aoe sijawahi kukanyaga pale. Nikatafuta pa kigingi, nikapapata karibu na jiko, nikashika mwanzo wa tepu chini. Mama yako alikwenda kwenye migomba, akasimama kwenye jiwe, pale niliposimama mimi, akavuta. Hatukutazamana. Mimi nilitazama tepu, naye alitazama tepu, na bibi yako alikaa kwenye ngazi ya jiko akitutazama wote wawili.

Kazi haina namna nyingine, msomaji lazima ataje na mwandishi lazima arudie. Nilikuwa nimelisahau hilo mpaka tulipofika hapo. Nikangoja. Najua naye alikuwa anangoja. Kisha nikasikia, na masikio haya unayoyacheka yalisikia vizuri kabisa:

"Sita nukta nne moja, baba."

Sauti yake ni nene kidogo, sikuwa nimeijua. Nikarudia kwa nguvu, bondeni kote wakasikia: "Sita nukta nne moja!" Nikaandika. Mwavinko alipata sifuri mwishoni, sisi tumepata moja, na sitaikata. Aliyesoma ni yeye na mimi nimerudia.

Sasa chukua kalamu. Ile nafasi tupu ijaze hivi, usipunguze neno:

"Profesa Vinko Maroš na Asajile Mwaikenda, wapima ardhi. Kona ya Kawetele imepimwa tena mwaka 2024 na Asajile Mwaikenda, mwandishi, na Winfrida Mwaikenda, msomaji."

Ndivyo mama yako anavyoitwa. Ni mara ya kwanza kuliandika jina lake, na mkono haukutetemeka hapo, utazame.

Asajile Mwaikenda
Mpima ardhi, Kawetele